Jinsi Alwin Häfele Alivyoitoa Pikipiki Yake Mteremkoni

Wekeni vikombe chini, enyi mliokaa na mliosimama, na mwenye kutafuna ameze kwanza, maana habari hii haitaki kelele za meno. Wapo wanaosimulia wafalme waliovuka milima na majeshi, wakateka miji na kuchoma ngome. Waacheni wasimulie, ndiyo kazi waliyojaliwa. Hii ni kubwa kuliko hizo. Hii ni habari ya Alwin Häfele, karani mstaafu wa posta, mwenye kilo mia moja na nne mwilini na miaka sitini na saba kichwani, ambaye siku ya nane ya ziara ya Alpi, mchana kweupe, mbele ya macho ya watu arobaini waliokuwa wakinywa supu, aliitoa pikipiki yake mahali alipoiegesha mwenyewe.

Walitoka kijijini kwao Hinterstetten pikipiki tatu na gari moja, kama walivyotoka kila Septemba. Mbele alitangulia Roland Birk, fundi madirisha, jemadari wa msafara, Mlaza Chuma Konani, ambaye tairi zake zimelika hadi ukingoni kabisa kwa kuilaza pikipiki kwenye kona, naye kila walipopumzika huuonyesha ukingo huo kwa wapita njia kama bibi harusi aonyeshavyo pete. Nyuma yake Traudl Sailer, mkunga aliyestaafu, mjane, mwenye maneno machache na mguu mwepesi. Wa tatu Alwin. Na tairi za Alwin, Mungu awasitiri waja wake, zilikuwa na ukanda mpya kila upande, upana wa vidole viwili, haujapata kuonja lami tangu siku uliponunuliwa. Nyuma ya wote, katika gari jeupe lililobeba soksi za akiba, chupa za chai na sanduku la dawa, alifuata Ewald Mack, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesindikiza harusi ya mchumba wake wa zamani.

Lazima ijulikane kwa nini, la sivyo vita hivi havina maana. Watu wa Hinterstetten, wakishakaa kwenye meza yao ya Alhamisi, ile ile kwa miaka ishirini na sita, kila mtu na kiti chake, hawawezi kunywa bia bila kutunga sheria. Mwaka mmoja wakatunga hii: atakayeangusha pikipiki mara tatu katika ziara moja, atapokonywa safari na kupewa gari la mizigo, na hatarudi kwenye pikipiki mpaka mwingine naye aanguke mara tatu aje kumpokea. Tena, atakayesaidiwa kuishika pikipiki yake, hata kwa kidole, ahesabiwe ameanguka. Aliyeipendekeza sheria hiyo, huku akicheka hata povu likampalia puani, alikuwa Ewald mwenyewe. Mwaka huo huo akaanguka mara tatu, na ya tatu ilikuwa kwenye lango la nyumba yake, mke wake akiwa dirishani na kamera. Tangu hapo Septemba nne zimepita. Pikipiki yake imefunikwa shuka ghalani, na kuku wanataga juu yake.

Basi Ewald hakumtakia Alwin mabaya, hasha. Alimtakia maanguko matatu tu, madogo madogo, yasiyoumiza.

La kwanza lilikuja siku ya sita, mjini Livigno, kwenye kituo cha mafuta. Shujaa alijaza tangi, akaikalia pikipiki kwa fahari, akakumbuka kwamba kifuniko amekiacha juu ya pampu, akateremka kwa haraka kwenda kukichukua, na stendi ya pembeni akaiacha imejikunja kama mguu wa kuku anayelala. Chuma kikalala ubavu. Traudl alikitazama, akasema, "Moja," akaenda kununua peremende.

La pili likaja siku ya saba, kwenye Stelvio, mlima wenye kona arobaini na nane upande mmoja, ambazo mwenye akili timamu angezipanda mara moja maishani na kuwashukuru wazazi wake. Roland alizipanda akiimba. Alwin alizipanda akihesabu. Alipofika ya kumi na tisa, basi la watalii likatokeza pua, akasimama, akaushusha mguu upande wa bondeni, na ardhi haikuwepo pale alipoitarajia. Alianguka polepole sana, kwa heshima, kama mtu anayekaa kwenye kiti kilichovutwa. Watalii wa ndani ya basi walipiga makofi, wakidhani ni mila ya mahali pale.

Ewald alifika na gari lake, akateremka, akamsaidia kuiinua, maana kilichokwisha kuanguka sheria inaruhusu kuinuliwa.

"Mbili hizo, mwenzangu," akasema, akimfuta vumbi mabegani. "Hujaumia?"

"Sijaumia."

"Afadhali. Njoo basi uone kiti cha gari, kina kitufe hapa. Ukikibonyeza, kinapasha makalio."

"Sitaki kupashwa makalio, Ewald."

"Leo hutaki. Subiri uonje mvua ya mlimani."

Moyo wa Alwin uliingia baridi, na hapa kicheko kipumzike kidogo. Mtu huyu alikaa miaka thelathini na minane nyuma ya kioo cha dirisha la pili la posta. Aliwaona watu wakija na wakienda, wengine wakienda mbali, na barua zao akazigonga muhuri moja moja. Alipostaafu alinunua pikipiki kwa sababu moja tu: haina kioo. Mvua ikimpiga inampiga yeye. Ng'ombe akinuka ananuka puani mwake. Na gari la mizigo lina kioo mbele, kioo kushoto, kioo kulia. Siku hiyo alipotazama kile kiti chenye kitufe, aliona dirisha la pili.

Siku ya nane ikapambazuka, siku ya kurudi nyumbani, na mbele yao kulikuwa na Jaufen peke yake kati ya milima ya kutisha. Alwin aliupanda vizuri. Kona zote alizipita bila kushusha mguu, na kwenye mojawapo, iandikwe, ukanda mpya wa tairi yake ulipungua kwa upana wa punje ya mtama. Chini kidogo ya kilele pana kibanda cha chakula cha Mama Notburga, na mbele yake baraza pana yenye mabenchi. Waendesha pikipiki wa Munich, wa Bologna na wa Rotterdam hupanda mpaka pale, wakaipa mgongo ile milima mizuri waliyoifuata kwa mamia ya kilomita, wakakaa kuwatazama wengine wanavyoegesha. Hilo ndilo tamasha lao. Anayefika hutazamwa tangu anapopunguza mwendo mpaka anapovua kofia ngumu, na kijiko hakiingii mdomoni.

Maegesho yenyewe ni ya changarawe, yanateremka kutoka barabarani mpaka kwenye ukuta wa mawe. Roland alifika, akageuza juu barabarani, akateremka kinyumenyume, pua ikaelekea mlimani. Traudl vivyo hivyo, bila hata kutazama nyuma. Kisha akafika Alwin. Macho themanini yakamwangukia. Changarawe ikamtisha; kugeuza kukamtisha zaidi; akili ikamwambia, nenda moja kwa moja. Akateremka moja kwa moja kama mkate unavyosukumwa tanurini, akasimama shubiri moja kutoka ukutani, akashusha stendi, akaijaribu mara tatu, akateremka. Hakuanguka. Alitembea kuelekea barazani kifua mbele, akaagiza supu ya madonge ya mkate, akaketi.

Alikuwa na donge la pili kwenye kijiko wakati Ewald alipokuja, akaketi kando yake taratibu, kama mtu aliyeleta habari ya msiba lakini msiba wenyewe una urithi ndani yake.

"Alwin," akasema kwa upole. "Umeegesha pua chini?"

Kijiko kikasimama hewani.

Enyi msiojua mambo ya chuma hiki, jueni: pikipiki haina gia ya kurudi nyuma. Ile ya Alwin ilikuwa na kilo mia mbili na sitini, bila kuhesabu ramani, bisibisi na biskuti. Mbele yake ukuta. Nyuma yake mlima. Kuisukuma kuteremka angeweza mtoto. Kuivuta kupanda kinyumenyume, kwenye changarawe, ilihitaji ama watu wawili ama punda. Na watu wawili sheria inawakataza, na punda hakuwepo.

Roland Birk akasimama, akajifuta sharubu, akahutubu, maana jemadari haachi tukio lipite bila hotuba.

"Ndugu zangu! Tumevuka milima kumi na mitano. Tumenyeshewa na mvua ya mawe. Ng'ombe wamelala barabarani na hatukuwatukana. Na leo, saa tatu tu kutoka nyumbani, mwenzetu huyu amekwenda kujipanda ukutani kama mche wa waridi. Nauliza: je, yule ni mwendesha pikipiki, au ni mtunza bustani?"

"Kaa chini, Roland, supu inapoa," akasema Traudl.

"Nasema ukweli!"

"Ukweli haupoi. Supu inapoa."

Alwin aliweka kijiko chini. Akavaa glavu zake, ya kushoto kwanza kisha ya kulia, akateremka kuelekea vitani.

Sasa na isaidiwe kalamu, maana hapa hata magwiji wangelegea! Shambulio la kwanza lilikuwa la nguvu. Shujaa alisimama ubavuni, mkono mmoja usukanini na mwingine kwenye chuma cha nyuma, akavuta. Mishipa ya shingo ilimtoka kama kamba za kuanikia nguo. Pikipiki ilirudi nyuma kidole kimoja, ikatafakari, ikarudi mahali pake. Shambulio la pili lilikuwa la miguu: aliikalia, akasukuma kwa ncha za vidole, na changarawe ikamkimbia chini ya viatu kama mtama unavyoukimbia ufagio. Alipomaliza alikuwa amechimba mifereji miwili myembamba, na hajasogea.

Barazani watu walihamisha viti ili waone vizuri.

Wakati huo Ewald hakulala. Adui mwenye akili haji na upanga, huja na huruma. Alimwendea jitu moja la Bologna, lenye mikono kama mapaja ya watu wengine, akamnong'oneza, "Kaka, unamwona mzee yule? Moyo wake si mzima. Mshikie kidogo tu, Mungu atakulipa." Jitu likainuka na chozi karibu kumdondoka, likateremka mikono ikiwa wazi.

"Babu, ngoja nikusaidie!"

"Usinishike!" akanguruma Alwin. "Ukiigusa umeniua!"

"Lakini moyo wako—"

"Moyo wangu unadunda kuliko wako! Rudi kwenye supu yako, kijana, nakuomba!"

Jitu likarudi limeduwaa. Nyuma yake akaja mama mmoja wa Rotterdam na mumewe, na nyuma yao muuguzi mwenye chupa ya maji, wote wametumwa na huruma ya Ewald. Na Alwin akawafukuza mmoja mmoja kwa mkono mmoja, huku mwingine umekaba breki, akizunguka pikipiki yake kama kuku mwenye vifaranga anapoona mwewe. Hakuna ngome iliyowahi kuzingirwa na watu wema kiasi kile.

"Ewald!" akaita Traudl kutoka barazani. "Unatuma watu!"

"Mimi? Mimi nakula keki ya strudeli."

"Sahani yako haina hata kijiko."

Shujaa alikuwa amechoka. Jasho lilimtiririka hadi kwenye buti. Aliuegemea usukani kwa kifua, breki ya mbele ikiwa imebanwa, apumue tu. Na uzito wake wote, zile kilo mia moja na nne zilizochekwa na daktari, zikazididimiza shokapu za mbele mpaka pua ya pikipiki ikainama kama mtu anayesali. Akainuka, na vidole vikaiachia breki kwa uchovu. Shokapu zikaruka juu. Na pikipiki, kwa mruko ule, ikarudi nyuma nusu shubiri.

Alwin akaibana breki upesi kabla haijabadili nia.

Akatazama chini. Nusu shubiri kamili, imechorwa kwenye changarawe. Akaegemea tena, pua ikainama, akaachia, ikaruka, akabana. Vidole vinne tena. Egemea, achia, bana. Egemea, achia, bana. Na mwili wake ukaitambua kazi hiyo, maana ndiyo mwendo wa mkono wa mtu anayegonga mihuri: shuka, inuka, inayofuata. Miaka thelathini na minane aliufanya, barua mia sita kwa siku, na hakuna aliyewahi kumpigia makofi hata siku moja.

Mtu wa Munich ndiye aliyeanza kuhesabu kwa sauti. "Kumi na moja! Kumi na mbili!" Watu wa Bologna wakadakia kwa lugha yao, wa Rotterdam kwa yao, kila kundi likiwa na hesabu tofauti na kila kundi likiapa kuwa ndiyo sahihi. Mama Notburga alitoka jikoni na sufuria mkononi kuuliza nani amekufa, akaelezwa, akabaki pale pale, na keki ikaungua. Pikipiki ilipanda mteremko ule kwa makalio, kama mwali anayeondoka ukumbini bila kumpa mgongo bwana harusi.

Ewald alikuwa amesimama kando ya gari lake. Funguo zilikuwa kiganjani, na kiganja kilikuwa kimefumba.

Ilipofika hesabu ya hamsini na kitu, gurudumu la nyuma lilipanda jiwe. Jiwe dogo, kama yai la kware. Pikipiki ikayumba upande wa kulia aliposimama mwenyewe, upande usio na stendi, na ikaanza ule mwinamo ambao kila aliyewahi kuangusha anaujua tumboni: polepole kwanza, kisha hakuna polepole tena.  Kilo mia mbili na sitini zikaegemea nyonga moja ya karani wa posta.

Roland Birk aliruka kutoka kwenye benchi. Alikuwa karibu, hatua tatu tu, na mikono ikamtoka mbele yenyewe, mikono ya fundi, iliyozoea kudaka vioo. Hatua moja. Mbili. Kisha akasimama, akaikumbuka sheria, akaishika mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo, mmoja ukiukamata mwingine kama polisi na mwizi.

"Nyonga, Alwin!" akasema, na haikuwa sauti ya hotuba. "Isukume kwa nyonga, bwana, usitumie mikono! Nyonga!"

Alwin hakusukuma. Alikataa tu. Alikuwa amefumba macho, meno yamegusana, na buti lake la kulia lilikuwa likizama taratibu kwenye changarawe. Likazama, likazama, likagusa kitu kigumu. Mlima, hatimaye, ulikuwepo pale alipoutarajia. Akakaa hivyo kwa muda ambao wa Munich wanasema ni dakika nzima na wa Bologna wanasema ni tatu. Kisha chuma kikaanza kurudi juu, kidole kwa kidole, kikasimama wima.

"Wima," akasema Traudl kwa sauti ya mkunga anayetangaza mtoto, "na hakuna aliyemgusa."

Mara saba zaidi akaegemea na kuachia, na gurudumu la nyuma likakanyaga tambarare ya barabara. Akageuza usukani. Akawasha. Injini ikaitika. Watu arobaini wakasimama, vijiko vikagonga mabakuli, jitu la Bologna likalia waziwazi, na Mama Notburga akapunga sufuria. Alwin Häfele, Mpanda Mteremko kwa Makalio, Mfukuza Wasaidizi, Mshindi wa Jaufen, alikuwa ameendesha mita sita kwa dakika arobaini na tano, kinyumenyume, na supu yake ilikuwa baridi kama mguu wa chura.

Ewald alimwendea akiwa na chupa ya chai. Alimmiminia kikombe, akamngojea anywe.

"Sikukutakia mabaya," akasema.

"Najua."

"Ni kuku tu. Wananitagia kwenye kiti."

"Najua, Ewald."

Wakafika Hinterstetten jioni ile, bila mtu kuanguka tena, na Alhamisi iliyofuata wakakaa kwenye meza yao, kila mtu na kiti chake. Roland akafungua kitabu cha ziara, ambamo kila siku huandikwa mstari mmoja tu, kwa wino, naye ndiye mwandishi. Kabla hajaandika, Ewald alinyosha mkono, akapendekeza, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba sheria ya maanguko matatu ifutwe, kwa kuwa ni ya kikatili, haiheshimu umri, na aliyeitunga hakuwa na akili zake. Traudl akaunyosha mkono wake kuunga. Roland akakataa, maana fundi hapendi kubomoa. Wawili kwa mmoja, na wote wakamgeukia Alwin. Kura yake ndiyo ingetoa hukumu: akisema ifutwe, imefutwa, akisema ibaki, ni sare, na kwenye meza ile sare huiacha sheria mahali pake.

Shujaa alinywa bia yake taratibu. Alimtazama Ewald, rafiki yake tangu darasa la kwanza, aliyempa chai mlimani. Huruma ikamjia, akaiona ikija, akaipungia mkono kama alivyompungia yule mama wa Rotterdam.

"Sheria ni nzuri," akasema. "Inajenga tabia."

Basi ikabaki. Na Roland akalowesha kalamu, akaandika mstari wa siku ya nane kwa vizazi vijavyo: *Jaufen. Alwin alitoka maegeshoni.* Akataka kufunga kitabu. Alwin akaweka kidole juu ya ukurasa, akasema kuna maneno yamesahaulika. Roland akasema nafasi imekwisha. Alwin akasema pembeni kuna nafasi. Wakabishana mpaka bia ya pili ikaisha, na mwishowe, kwa herufi ndogo ndogo, zikipanda ukingo wa karatasi kuelekea juu, yakaongezwa: *peke yake.*